Chura wa Manyunyu ya Kihansi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Ninyi mliokusanyika darasani, sogeeni karibu na redio. Na ninyi mlio na karatasi hizi mikononi, fuateni maneno kwa kidole, nami nitasoma pole pole. Salamu za kwanza leo twawapelekea wanafunzi wa Mlola, kule juu katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Somo letu lawahusu sana watu wa milimani, watu wenye mabonde ya maji.

Sote twaijua methali isemayo: Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Maana yake ni kwamba mdogo apige kelele apendavyo, mkubwa hatamjali. Leo nitawapa habari ya chura mmoja mdogo sana. Sauti yake ni hafifu, nayo humezwa na mngurumo wa maporomoko. Hata hivyo habari zake zilifika Dar es Salaam, zikafika New York, na wakubwa wengi wakalazimika kukaa na kufikiri.

Labda mtu atauliza, "Habari ya chura ni historia gani?" Ndugu zangu, historia si habari za wafalme na vita peke yake. Mto nao una historia. Kinamasi kina historia. Watu wakigeuza njia ya maji, wamebadili historia ya kila kiumbe kilichoyategemea maji hayo, na yao wenyewe pia.

MILIMA YETU NI NDUGU

Kwanza tuitazame ramani. Mwalimu, tafadhali mwonyeshe mwanafunzi mmoja milima ya Usambara, kisha ashuke kwa kidole kuelekea kusini na magharibi.

Milima ya Usambara haiko peke yake. Ni moja ya mfululizo wa milima ya kale sana unaoanza katika vilima vya Taita nchini Kenya. Kutoka Taita waja Upare, kisha Usambara. Kutoka Usambara waenda Nguru, kisha Uluguru, na mwisho kabisa wafika milima ya Udzungwa. Wataalamu huiita Milima ya Tao la Mashariki, kwa sababu katika ramani imepinda kama upinde.

Misitu ya milima hii hupata unyevu wa pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Kwa muda mrefu mno kila mlima umekaa kama kisiwa. Nyanda za chini ni kavu na zina joto, na kiumbe aliyezoea baridi na umande hawezi kuzivuka. Kwa hiyo kila mlima umekuwa na viumbe vyake, wasioonekana mahali pengine popote duniani.

Kuna jamii moja ya vyura wa milima hii ambao ni wa ajabu. Sote tumeona chura wa kawaida akitaga mayai majini, na viluwiluwi wakitoka humo. Vyura wa jamii hii hawatagi. Wao huzaa watoto kamili, wenye miguu yao tayari. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kijerumani, Gustav Tornier, aliandika habari za chura wa nchi yetu azaaye namna hii, na wasomaji wa Ulaya wakastaajabu. Katika misitu ya Usambara yuko chura wa jamii hiyo anayeitwa na wataalamu kwa jina la Tornier huyo. Basi chura wa hadithi yetu ya leo ni ndugu wa chura wa Usambara. Lakini makao yake ni mwisho wa mfululizo, katika milima ya Udzungwa, penye mto uitwao Kihansi.

MAHALI PENYEWE

Mto Kihansi hutoka katika nyanda za juu za Udzungwa. Ukifika ukingo wa milima huanguka ndani ya korongo kubwa, poromoko baada ya poromoko, kwa kimo cha zaidi ya mita 800. Kisha huingia katika bonde la Kilombero, na maji yake huishia katika mto Rufiji.

Zamani maji yalikuwa yakianguka kwa nguvu, yakigonga mawe na kurushwa hewani kama manyunyu ya mvua isiyokoma, mchana na usiku, masika na kiangazi. Pembeni mwa maporomoko manyunyu hayo yaliilowesha ardhi, yakaotesha majani na kuvumwani, yakafanya kinamasi juu ya mteremko. Kinamasi hicho hakikuwa kikubwa. Vipande vyake vyote pamoja vilikuwa kama hekta 2, yaani kama ekari 5. Wengi wetu twamfahamu mtu mwenye shamba la ukubwa huo.

Humo ndimo alimoishi chura wa manyunyu. Rangi yake ni manjano kama dhahabu. Dume akikomaa hufika kama milimita 19, na jike kama milimita 29. Aweza kukaa juu ya ncha ya kidole gumba chako. Watoto wake wakizaliwa hawazidi urefu wa punje ya mchele.

Kwa nini hakuhama akaishi mahali pengine? Jibu liko katika ngozi yake. Chura hanywi maji kwa kinywa kama sisi. Maji huingia kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita humo humo. Chura huyu alizoea hewa iliyojaa manyunyu wakati wote. Ukimtoa katika manyunyu ni kama kumtoa samaki mtoni.

HAJA YA UMEME

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hadithi hii ina haki pande zote mbili.

Katika miaka ya 1990 nchi yetu ilikuwa na njaa ya umeme. Mvua zilipokuwa haba, mabwawa yalipungua na umeme ukagawiwa kwa zamu. Viwanda vilisimama, na hospitali zilitafuta taa nyingine. Watu wa Mkoa wa Tanga waijua mitambo ya Hale katika mto Pangani, nao wafahamu kwamba umeme wa maji ni maji yaangukayo. Kadiri maji yaangukavyo kutoka juu zaidi, ndivyo umeme unavyozidi. Kihansi, penye kimo kile kikubwa, palikuwa mahali pafaapo kabisa.

Ujenzi ulianza mwaka 1995. Fedha zilitoka serikalini, Benki ya Dunia, na nchi za Ulaya kama Norway na Sweden. Bwawa dogo lilijengwa juu ya maporomoko, na maji yakapitishwa ndani ya mlima kwenda kwenye mitambo iliyochimbiwa chini ya ardhi. Mwishoni mwa mwaka 1999 mitambo ilianza kutoa umeme, na mwaka 2000 ilifunguliwa rasmi. Nguvu yake ni megawati 180. Katika miaka ile hiyo ilikuwa karibu theluthi moja ya nguvu ya mitambo yote ya umeme wa maji nchini. Si kitu kidogo.

Lakini sikilizeni tarehe hizi kwa makini. Ujenzi ulianza mwaka 1995. Chura alionekana kwa mara ya kwanza na wataalamu mwishoni mwa mwaka 1996. Uchunguzi uliofanywa kabla ya ujenzi haukumgundua. Korongo lina mteremko mkali, na kuingia ndani yake ni kazi ngumu. Kazi ilipokwisha kuanza ndipo wataalamu walipoingia kuchunguza vizuri, wakamkuta. Miongoni mwao alikuwa Kim Howell, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake Poynton, Clarke na Lovett walimwandika chura huyu katika vitabu vya elimu. Wakampa jina la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Kwa hiyo chura alipata jina wakati nyumba yake imekwisha kupimwa kamba.

MAJI YALIPOGEUZWA

Kabla ya bwawa, maji yaliyopita katika korongo yalikuwa, kwa wastani, kama mita za ujazo 16 kwa kila sekunde. Tuyapime kwa pipa la lita 200. Ni mapipa 80 kila sekunde moja. Baada ya bwawa, maji yaliyobaki hayakufika mapipa 10.

Mngurumo ukanyamaza na manyunyu yakakatika. Kinamasi kilianza kukauka, na magugu ya nchi kavu yakaingia mahali pa majani yapendayo maji. Vyura walikusanyika mahali pachache palipobaki na unyevu.

Wakubwa wakaona hatari, nao walifanya mambo mawili. La kwanza, kati ya mwaka 2000 na 2001 mabomba yalitandazwa korongoni, yenye vijitundu vya kurusha maji mithili ya manyunyu. La pili, mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa kwa ndege hadi Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Nia ilikuwa kuweka akiba. Mkulima mwenye busara hali mbegu zote, huweka nyingine darini.

Mabomba yalisaidia. Vyura walianza kuongezeka tena, na watu wakapata matumaini. Kisha likaja pigo lisilotazamiwa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hesabu hizi za vyura waliokadiriwa au kuonekana korongoni:

Juni 2003: kama 20,000
Agosti 2003: kama 40
Januari 2004: 3
Mwaka 2005: mara ya mwisho kuonekana

Zisomeni tena, ndugu zangu. Katika miezi miwili tu, katika kila vyura 500 alibaki mmoja.

Ni nini kiliwaua? Wataalamu waligundua ugonjwa wa kuvu. Kuvu ni jamii ya kile kiotacho juu ya mkate uliolala siku nyingi. Kuvu huyu hushambulia ngozi ya chura, na tumekwisha kusema kwamba ngozi ndiyo kinywa chake. Ugonjwa huo umepunguza vyura wa aina kama 500 duniani kote, na aina nyingi zimekwisha kabisa. Wengine waliongeza kwamba mwaka ule ule milango ya bwawa ilifunguliwa kusafisha tope, na katika tope hilo yalikuwamo mabaki ya dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Juu ya jambo hili wataalamu hawakuafikiana wote. Lakini jambo moja ni rahisi kufahamu. Mtu aliyekonda kwa njaa, homa ndogo humwangusha. Viumbe waliokwisha kunyang'anywa maji yao hawakuwa na nguvu ya kustahimili pigo lingine.

Mwaka 2009 shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Aliyesalia alikuwa amebaki ughaibuni, ndani ya sanduku la kioo.

SAFARI YA KURUDI

Na huko ughaibuni mambo hayakuwa mepesi. Wale 499 waligawanywa katika bustani kadhaa za wanyama. Wengi walikufa. Watunzaji hawakujua chakula chao barabara, wala maradhi yao, wala kiasi cha mwanga wanachotaka. Ilifika wakati waliobaki wote walikuwa chini ya mia moja. Bustani mbili ndizo zilizofaulu, ya Bronx na ya Toledo. Watunzaji wao walijifunza kidogo kidogo kupima manyunyu, kufuga wadudu wadogo wa kuwalisha, na kuweka taa zinazofaa. Vyura wakaanza kuzaa, wakawa mamia, kisha maelfu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania. Hawakupelekwa korongoni moja kwa moja. Walikaa kwanza katika nyumba maalum Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakitunzwa na Watanzania waliofundishwa kazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2012 vyura kama 2,000 walifunguliwa katika kinamasi chao cha zamani. Wengine walifuata baadaye.

Hii ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa aina ya chura iliyotoweka kabisa porini kurudishwa nyumbani kwake. Tuna haki ya kujivunia. Walakini tusidanganyane. Hatuwezi kusema kwamba wamekwisha kurudi kuwa 20,000. Yule kuvu hakuondoka. Manyunyu ya leo ni ya mabomba, na mabomba yahitaji fundi. Mwenye mitambo alitakiwa kuacha maji kiasi yapite korongoni, na kila lita ipitayo huko haitoi umeme. Chura ambaye zamani alitunzwa na mto bure sasa atunzwa kwa fedha, kwa zamu, mwaka baada ya mwaka. Maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalizoleka kidogo, lakini kwa kijiko.

SOMO KWA WATU WA MABONDE

Sasa turudi Mlola. Huko hakuna bwawa la megawati 180. Lakini kuna vijito na mabonde yenye unyevu, kama ilivyo Usambara yote. Twajua thamani ya bonde. Kabichi, karoti, nyanya na viazi vya Lushoto huliwa mpaka Dar es Salaam, na kiangazi shamba la bondeni ndilo liletalo ada ya shule. Siwezi kumwambia mtu mwenye watoto kwamba aliache bonde lake kwa ajili ya chura. Wazee wa Usambara walikwisha kuonja hifadhi ya amri. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mlalo mpango wa kulazimisha watu kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Baadaye mpango ulienezwa sehemu nyingine za Usambara. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli, lakini watu hawakushauriwa. Kazi ilikuwa nzito, na faini zilikuwapo. Watu waliukataa, na mpango ukavunjika kabla ya Uhuru. Jambo lenye faida ndani yake lilichukiwa kwa sababu ya namna lilivyoletwa.

Iko njia nyingine. Huko Marekani ya mashariki yuko kobe mmoja mdogo wa vinamasi. Gamba lake halizidi sana kiganja cha mkono. Vinamasi vilikaushwa ili kupata mashamba na barabara, na watu wengine waliwaiba kobe ili kuwauza. Mwaka 1997 sheria ya nchi ilimweka chini ya ulinzi. Lakini vinamasi vingi anamoishi vimo katika mashamba ya watu binafsi. Basi ikaonekana kwamba mkulima mwenyewe ndiye mlinzi anayefaa. Tena ilionekana kwamba ng'ombe wachache wakila majani katika kinamasi huzuia vichaka visikifunge, na kobe hupata jua la kuota. Hapo ng'ombe na mnyama wa kinamasi hawakugombana. Mmoja alimfaa mwenziwe.

Mimi naona jambo kubwa katika historia ya Kihansi ni mpango wa tarehe zile. Kwanza walijenga, kisha wakaangalia. Wangetangulia kuangalia, huenda umeme ungepatikana na vyura wangesalia, kwa gharama ndogo zaidi. Hilo ni somo ambalo hata mwenye robo ekari aweza kulitumia. Kabla ya kuchimba mfereji wa kukausha bonde, zunguka kwanza. Tazama maji yatoka wapi, na jirani wa chini ayatumia vipi. Kabla ya kupiga dawa, kumbuka kwamba mvua itaishusha hadi kisimani. Waulize wazee ni viumbe gani walikuwamo zamani, na wangapi hawaonekani tena. Chura akitoweka bondeni, mara nyingi ametangulia tu kuonja kitakachotufika sisi, kwa kuwa yeye hunywa kwa ngozi nasi twanywa kwa kikombe.

Methali yetu ni ya kweli, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini haikusema kwamba siku chura wote wakinyamaza ng'ombe atayakuta maji palepale.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Chura wa Kihansi aligunduliwa kabla ya ujenzi kuanza au baadaye? Jambo hilo lilileta matokeo gani?

2. Soma tena hesabu zilizoandikwa ubaoni. Kati ya Juni na Agosti 2003 walipungua wangapi?

3. Kama wewe ungekuwa mshauri wa serikali mwaka 1995, ungesema nini juu ya umeme na juu ya mto?

4. Taja kijito au bonde moja la maji karibu na kijiji chako. Limebadilika namna gani tangu ulipokuwa mtoto? Andika sentensi tano, uje nazo darasani wiki ijayo.

Mpaka hapo, mabibi na mabwana, somo letu limekwisha.